Gari Lisilo na Milango

Wa kwanza kulionea aibu gari letu alikuwa mke wa jirani. Alipita mbele ya gereji na ndoo ya maji kichwani, akaona milango minne imeegemezwa ukutani na viti vimetupwa chini ya mpera, akasimama. "Jamani, limekufa?" akauliza. Nikamjibu kwa ukali kwamba halijafa, linapunguzwa uzito. Akasema pole, akaenda zake. Pole ile iliniudhi kuliko tusi.

Mimi ni mtu wa kuudhika upesi, na enzi hizo nilikuwa pia mtu wa kujipenda. Nilikuwa fundi magari pale Kibondo. Mchana kutwa nilishinda ndani ya ovaroli, grisi hadi viwikoni, lakini jioni hakuna aliyenikuta mtaani bila suruali iliyopigwa pasi hadi mstari ukasimama. Wenzangu walinitania kwamba nikianguka mtoni nitaomba kwanza nikunje suruali. Niliwaacha waseme. Kwangu mimi fundi mchafu baada ya kazi alikuwa mtu asiyejiheshimu, na kujiheshimu nilikupenda sana.

Ilikuwa miaka ya tisini inakaribia kuisha. Barabara yetu ya vumbi jekundu ilikuwa na magari kuliko wakati wowote nilioujua, maana wakimbizi wa Burundi walishajaa makambini, na baada yao wakaja wa Kongo, na nyuma yao malori ya mahindi na magari meupe ya mashirika. Katika hao wa Kongo alikuwemo fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mrefu mwembamba, aliyekuja gerejini kwangu na kibali cha kutoka kambini mfukoni kuomba kazi yoyote ya kusaidia. Ng'ambo ya ziwa alikuwa na gereji yake mwenyewe, yeye akiita atelye. Sasa alikuwa anaishi kwenye hema na mke na watoto, anangoja mgao.

"Shefu," aliniambia siku ile ya kwanza, "miye sina shida ya chakula. Chakula iko. Lakini mikono yangu iko inaoza."

Nikampa kazi ya kuziba redieta. Tangu hapo kila alipopata kibali alikuja, na mimi nikazoea kumsikia akiimba nyuma ya miwani yake ya kuchomelea. Tatizo ni kwamba gereji yangu ilikuwa turubai moja na mafundi wawili wenye njaa. Kazi ya kumtosha mtu kama yule sikuwa nayo.

Ndipo ikaja habari kutoka Kasulu. Shirika moja lilikuwa na karakana kubwa huko, na mkuu wa karakana, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa na ugonjwa wa mbio za magari tangu kwao. Alipanga mapipa matupu kwenye kiwanja cha ndege, akachora njia yenye kona za kila namna, akatangaza kwamba Jumapili fulani yeyote mwenye gari aje. Magari hayatakimbizana. Kila moja litaingia peke yake, litazunguka, na saa ndiyo itakayosema. Yeye mwenyewe alikuwa ameshazunguka na gari lake na muda wake umeandikwa. Atakayeupita, fundi aliyelitengeneza gari hilo ataajiriwa karakana.

Karani wake, kijana wa Tanga aliyeletwa huku kikazi, ndiye aliyepita Kibondo akitangaza. Alipomaliza, rafiki yangu wa Kongo aliweka nyundo chini taratibu. Alinitazama tu, na mimi nikajua kwamba gari lile bovu nyuma ya gereji, aliloniachia mwalimu mmoja alipohamishwa, limepata kazi.

Tuligawana hivi: yeye fundi, mimi msaidizi na dereva. Leseni hakuwa nayo, na mkimbizi kushika usukani barabarani kulikuwa kutafuta kesi. Kwa hiyo ajira yake ilikuwa mikononi mwake hadi gari likamilike, na baada ya hapo ingekuwa mikononi mwangu. Nililielewa hilo, na lilinipa kiburi.

Sijawahi kuona mtu akilivua gari kwa furaha namna ile. Viti vilitoka, akabakiza cha dereva. Zulia, vioo, bampa, milango, vyote nje. Tangi la petroli lilikuwa limeoza kwa kutu, akaling'oa, na badala yake tukafunga dumu nyuma ya kiti changu, mpira mwembamba ukapita ubavuni mwangu kwenda kwenye injini. Bateri aliihamishia nyuma ili pua ya gari iwe nyepesi. Silinda hedi tuliisugua kwa zamu juu ya kioo kilichotandazwa msasa, siku baada ya siku, hadi ikapungua kimo na injini ikaanza kubana sawasawa. Kabureta na breki za mbele zilitoka kwenye pikapu iliyopinduka Makere. Springi alizipasha moto akazikunja upya, gari likalala chini kama mbwa anayenusa. Mimi nilitaka nguvu, nguvu, nguvu. Yeye alitaka kona.

"Kwa mustari kila mutu ni shofere," alisema. "Saa inapoteaka kwa kona."

Nilipouliza kama lazima milango yote minne itoke, akanijibu kwa kunyanyua mmoja na kunibebesha. Ulikuwa mzito kweli.

Sasa lazima niseme habari za mkwe. Nilikuwa nimetuma mshenga Busunzu, kwenye nyumba ya watu waliotoka Burundi siku nyingi, wakulima na wauza maharage. Baba wa nyumba alikuwa amefariki, na neno lilikuwa la mama. Jibu lake lilikuwa kwamba wanafikiri. Na huku kwetu mama mkwe, hata akiwa bado anafikiri, humtazami usoni, huli mbele yake, ukikutana naye njiani unampisha na kuinamisha kichwa. Kuonekana naye ukiwa hujavaa vizuri ni jambo ambalo watu hawalisemi, wanaguna tu. Nilimwona mara mbili kwa mbali, mara zote nimefunga vifungo hadi kooni, na mara zote nilimjua kwa mwavuli wake mweusi wenye kiraka chekundu.

Jumapili yenyewe tuliondoka Kibondo asubuhi kwa ukungu, kabla askari wa barabarani hawajamaliza chai. Mimi kwenye usukani, mwenzangu amekaa juu ya sanduku la spana mahali pa kiti cha abiria. Alikuwa amevaa shati jeupe na suruali nyeusi, ile moja aliyovuka nayo ziwa, ameinyoosha kwa kuilalia chini ya mkeka. Alikuwa anakwenda kuomba kazi. Mimi nilikuwa na ovaroli, na ndani ya ovaroli bukta ya kuchezea mpira, maana lile gari lilikuwa jiko.

Kabla ya mto Malagarasi mpira wa petroli ukachomoka. Nusu ya dumu ikanimwagikia mapajani. Yeyote aliyewahi kumwagikiwa petroli pale anajua nilivyotoka garini. Niliruka hadi mtoni, nikavua ovaroli, nikakaa kwenye maji nikitukana kila aliyegundua petroli, huku mwenzangu akifunga mpira kwa waya na kujizuia kucheka. Ovaroli tuliisuuza tukaifunga juu ya paa ikauke. Tulipofika Kasulu haikuwapo. Upepo ulikuwa umeichukua mahali fulani, na nadhani mkulima fulani aliivaa miaka.

"Unaingia hivyo?" mwenzangu aliniuliza, akitazama bukta.

Nikamwambia Kasulu hakuna anayenijua. Maduka ya nguo yalikuwa yamefungwa, watu wako kanisani, na isitoshe nitavaa helmeti. Nilisema hayo kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Miguu yangu ni myembamba, na magoti yametokeza.

Watu walipotoka kanisani wakaja kujaza kingo za kiwanja. Walitegemea mashindano, na walipoona gari moja linaingia na kutoka peke yake walikasirika. "Sasa huyu anamkimbia nani?" mzee mmoja aliuliza. Mwingine akamjibu kwamba anaikimbia saa, na mzee akasema yeye saa haijawahi kumfukuza. Walicheka, lakini hawakuondoka. Pikapu mbili zikazunguka, lori tupu likazunguka likaangusha nusu ya mapipa, na muda wa Mzungu ukabaki ulipo.

Kila gari lilipewa nafasi mbili. Nilipoingia ya kwanza, nilijua ndani ya kona moja kwamba mwenzangu ni fundi kuliko nilivyodhani. Gari liligeuka kabla sijamaliza kuomba. Vumbi lilipita ndani upande mmoja na kutoka upande mwingine, kelele ya ekzosi iliyokatwa ilinijaa tumboni, na nikasikia raha ambayo hadi leo sijaipata tena kwenye gari. Kona ya pili, safi. Nikanyoosha kwenda ya tatu, ile iliyo karibu na njia ya kanisani, na hapo palikuwa na wanawake wamejipanga kwenye vitenge vya sare, wamekuja kwenye mkutano wa akina mama. Katikati yao, mwavuli mweusi. Kiraka chekundu.

Sikufikiri. Ningefikiri ningekumbuka kwamba nina helmeti na uso wangu haumo kwenye maonyesho. Lakini mlango haukuwapo, mapaja yangu yalikuwa yamekaa kwenye jua kama nyama buchani, na huyo alikuwa mkwe. Nikainama. Nilijilaza upande wa pili, kichwa chini ya dashibodi, kama mtu anayetafuta senti iliyoanguka, na gari likaendelea na safari bila mimi. Pipa lilituchukua ubavuni. Nilipoinua kichwa nilikuwa kwenye nyasi, injini imezima, na wanawake wanamwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje!"

Mwenzangu alikuja akikimbia. Alikagua gari kwanza, ndivyo ilivyo kwa mafundi, akaona ni ubavu wa bodi tu umebonyea. Kisha akanigeukia.

"Usukani imekataa?"

Uso wake ulikuwa umekwajuka. Alikuwa anadhani kosa ni la mkono wake, kwamba mahali fulani alichomelea vibaya. Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba yule mwenye mwavuli ni mama wa binti ninayemposa.

Nilingoja anitukane. Ningekuwa yeye, ningetukana. Yeye alitazama mwavuli, akatazama magoti yangu, akashika kichwa. "Bokilo," akasema, neno lao la mkwe. "Aksha, shefu. Bokilo." Kule kwao nako mkwe ni mkwe, na aibu yangu aliielewa yote, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu ambaye kazi yake nimetoka kuiangusha kwenye nyasi alikuwa ananionea huruma.

Mzungu alikuja na karani akauliza kama tunaitumia nafasi ya pili. Nikasema hapana. Mwenzangu akasema ndiyo. Nikamwambia pembeni kwamba siwezi kupita tena mbele ya mama yule, na kumtuma mtu akamwombe aondoke itakuwa kumtangazia. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanivuta nyuma ya lori la shirika lililokuwa limeegeshwa pale, akaanza kufungua mkanda.

"Vaa patalo yangu."

Nilikataa. Naapa nilikataa. Akaniambia kwamba jioni kibali chake kinakwisha, na kwamba kama nina maneno mengine niyaseme nikiwa nimeshavaa. Suruali ilikuwa ndefu, tukaikunja miguuni ili isinase kwenye pedeli. Bado ilikuwa na joto lake. Nilimwacha nyuma ya lori na shati jeupe, soksi na viatu, amesimama kati ya matairi mawili na kujishikilia shati kwa chini.

Mzunguko wa pili sina mengi ya kuueleza. Niliendesha kwa hasira, na hasira ikikaa mahali pake inaendesha vizuri. Kwenye kona ya tatu sikutazama pembeni, lakini mtu haoni kwa kutazama tu: nilijua kwamba mwavuli ule umeinamishwa upande wangu, ukamfunika aliye nyuma yake. Alikuwa amenijua. Naye alikuwa anatimiza heshima yake. Niliibana kona hadi pipa likatetemeka bila kuanguka, na nilipovuka mstari wa chokaa wa kumalizia Mzungu aliitazama saa yake, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena. Tulikuwa tumempita. Kidogo tu, lakini kidogo kwa saa kinatosha.

Watu walikuja wakanizunguka. Hata yule mzee. Mzungu akanishika mkono akautikisa, akasema jambo, na karani akatafsiri: "Anataka kumwona fundi."

"Fundi si mimi," nikasema.

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimesimama katikati ya umati ndani ya suruali ya fundi. Ili atoke, lazima nimpelekee, na nikimpelekea nabaki na bukta, na akina mama wa vitenge walikuwa wanasogea na mwavuli ukiwa miongoni mwao. Nikasema anakuja. Karani akasema Mzungu ana haraka, anafunga shughuli. Nikasema tena anakuja. Nilitazama ardhi na kuziona zile ncha za suruali zilizokunjwa, na vumbi limeshaingia kwenye kitambaa ambacho mwenyewe alikilalia usiku kucha.

Akatoka mwenyewe.

Alikuwa ameokota gunia la mahindi ya msaada nyuma ya lori, akalipasua chini, akalivaa na kulifunga kiunoni kwa ule mkanda wake aliobaki nao. Maandishi ya buluu yalimzunguka kwenye makalio. Chini ya gunia soksi, juu ya gunia shati jeupe limefungwa vifungo vyote. Kicheko kilichopasuka pale sijakisikia tena. Watoto walimfuata wakiruka. Naye hakukimbia, hakujikunyata. Alitembea kama kawaida yake, akawasalimia watu wazima aliowapita, akafika mbele ya Mzungu, akampa mkono na kusema, "Miye ndiye nilitengeneza." Halafu akafungua boneti na kuanza kuonyesha.

"Mficha uchi hazai," karani alisema karibu na sikio langu. Pengine hakuwa ananilenga. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimevaa.

Mzungu hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshazama kwenye injini, na gunia nadhani hakuliona hadi walipomaliza na breki. Waliinama pamoja muda mrefu, wakizungumza kwa vidole. Mwishoni karani alitangaza kwamba fundi aripoti Jumatatu, na kibali chake shirika litakishughulikia. Mwenzangu aliniangalia juu ya boneti na kunikonyeza. Nilitaka kutabasamu. Nilikuwa na furaha yake yote kifuani na sikuweza kuinua uso, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi mtu anavyotembea anapokuwa na shida ya kweli, na nilikuwa nimeona pia jinsi mimi ninavyosimama.

Suruali nilimrudishia nyuma ya lori. Tulirudi Kibondo, yeye na suruali yake, mimi na bukta yangu na upepo, na sikumjali tena aliyeniona.

Baada ya siku chache nilimkuta binti wa watu kwenye kibanda cha mama yake sokoni Kibondo, ameweka ungo mapajani anachambua maharage. Mama hakuwapo. Nilisimama mbali kidogo, nimevaa suruali yangu nzuri kuliko zote, nikauliza kwa mzunguko kama walifika salama kutoka Kasulu.

"Walifika," akasema bila kuinua macho. "Mama anasema asingekujua. Ulikuwa na ile kofia kubwa, yeye aliona mapaja tu, na mapaja hayana jina. Ulipoinama ndipo akajua ni mkwe."

Niliuliza, kwa kutafuta pa kutokea, kama alisema na jingine.

"Aliuliza kama yule wa gunia ameoa."

Nikamwambia ana mke na watoto.

"Basi," akasema, akatupa kijiwe alichokikuta kwenye maharage. "Mshenga wako aje."